Mama anatetemeka mkono: je, ultrasaundi ya kichwa itatuambia kama ni Parkinson?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Korogwe. Mwanzoni mwa mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, hasa akiwa amekaa tu, kwa mfano kanisani au akitazama taarifa ya habari. Siku hizi hata kufunga vifungo vya gauni anachelewa, na anatembea kama mtu aliyechoka. Tumezunguka hospitali tatu. Ya kwanza walisema ni presha, ya pili wakasema ni uzee, ya tatu wakaagiza MRI. Tuliuza ng'ombe kuilipia, ikarudi imeandikwa haina tatizo. Dawa anazotumia ni ya presha na sinarizini ya kizunguzungu, hiyo ameitumia kama miaka miwili hivi. Sasa kaka yangu anayeishi Ujerumani anasema huko wanapima Parkinson kwa ultrasaundi ya kichwa, muda mfupi tu na bila gharama kubwa. Nilipomuuliza mpimaji wa ultrasaundi hapa kwetu alicheka, akasema ultrasaundi haipiti kwenye fuvu la mtu mzima. Nani mkweli? Tukipata mahali pa kufanyia, kipimo hicho kitatupa jibu la mwisho? Na mimi mwenye miaka 38 nipime pia? Naogopa isije ikawa ya kurithi."*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mzunguko huo, na mama mpe pole zangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la mashine. Mara ya pili nikaona familia iliyouza ng'ombe ikaletewa karatasi inayosema hakuna tatizo, huku mkono wa mama unatetemeka mbele ya macho yao. La ultrasaundi nitalijibu kwa urefu, maana umeliuliza na linastahili. Lakini kuna neno moja umelipita haraka, nami lilinisimamisha: jina la dawa ya kizunguzungu. Nitalirudia.

Kaka yako amesema kweli. Mwaka 1995, katika mji wa Würzburg, daktari Georg Becker na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwendo kuwa mzito na mkono kutetemeka, waliopimwa ubongo kwa ultrasaundi kupitia pembeni mwa kichwa. Waliona alama inayong'aa mahali ambapo kwa watu wengi hapang'ai namna hiyo. Ilichukua miaka hadi vituo vingine vikarudia kazi hiyo na kukuta jambo lile lile. Leo kipimo hiki kimezoeleka katika kliniki nyingi za Ujerumani, na mwaka 2013 miongozo ya madaktari wa mishipa ya fahamu wa Ulaya ilikipa nafasi rasmi ya kusaidia kutenganisha Parkinson na magonjwa yanayofanana nayo.

Mpimaji wenu naye hakudanganya, ila amesema nusu ya habari. Mfupa wa fuvu kweli ni adui wa mawimbi ya sauti. Hulirudisha au hulitawanya wimbi kabla halijafika mbali. Ndiyo maana kwa mtoto mchanga tunapitia utosini, pale palipo laini, na utosi ukishafunga wengi huona mlango umefungwa. Lakini lipo dirisha dogo. Weka kidole mbele kidogo ya sikio, juu ya mfupa wa shavu, kisha uma meno. Utahisi msuli unacheza. Chini ya msuli huo mfupa ni mwembamba kuliko sehemu nyingine za fuvu, na wimbi lenye masafa ya chini hupenya. Hapa Tanzania dirisha hilo hilo hutumika kwa watoto wenye selimundu, kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo ili kujua nani yuko kwenye hatari ya kiharusi. Kwa hiyo kupita kunawezekana. Tofauti ni kwamba wale wanapima damu inavyokimbia, na kipimo anachokisema kaka yako kinatafuta umbo la ubongo wenyewe, kazi ambayo inadai jicho la aina nyingine.

Na kuna sababu ya kifundi iliyomfanya mpimaji wenu acheke. Probu, yaani kile kichwa cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi, anayotumia kwa wajawazito haifai. Kwa kichwa inatakiwa ya masafa ya chini, kama megahezi 2 hadi 2.5, yenye uso mdogo unaoenea kwenye kidirisha hicho. Probu ya namna hiyo utaikuta zaidi kwenye chumba cha kupimia moyo kuliko kwenye chumba cha kupimia mimba. Mashine ya moyo, ikipangwa vizuri kutazama kina cha sentimita 14 hadi 16, inaweza kufanya kazi hii. Kinachokosekana kwetu mara nyingi ni mkono uliofundishwa.

Hebu nikupeleke chumbani, maana watu hukiogopa kipimo wasichokijua. Mgonjwa analala chali, mpimaji anakaa nyuma ya kichwa chake. Taa zinapunguzwa. Jeli ya baridi inapakwa mbele ya sikio. Nywele za kusuka hazina tatizo, sehemu yenyewe ni ndogo. Probu inakandamizwa hapo, na kwenye skrini mwanzoni unaona ukungu wa kijivu tu. Mpimaji anasogeza mkono kidogo sana, anainamisha, anatulia. Kisha katikati ya ukungu anatokea kipepeo mdogo mweusi aliyezungukwa na mwanga. Huyo ndiye ubongo wa kati, sehemu ya juu ya shina la ubongo. Ndani ya kila bawa, mpimaji anatafuta mstari au doa linalong'aa. Akilipata anaisimamisha picha, anazungushia doa kwa kishale, na mashine inahesabu eneo lake. Tunazungumzia eneo la takriban sentimita za mraba 0.20, sawa na punje ya choroko. Likizidi kiwango kilichowekwa kwa mashine hiyo, linahesabiwa kuwa kubwa kuliko kawaida. Kisha anahamia upande wa pili. Hakuna sindano, hakuna mionzi, hakuna kufungiwa ndani ya bomba, na mgonjwa akitetemeka mpimaji husubiri sekunde chache akaendelea. Kwa mtu mwenye kutikisika, hilo si jambo dogo. MRI humtaka atulie tuli kwa muda mrefu.

Sasa doa hilo ni nini? Mahali hapo pana kundi la seli ambalo madaktari huliita kwa Kilatini *substantia nigra*, yaani kitu cheusi, kwa sababu ukikata ubongo wa mtu mzima aliyefariki unaliona kwa macho kama utepe wa weusi. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuanzisha mwendo na kuulainisha: kunyanyua mguu, kupeleka kijiko mdomoni bila kukifikiria, kubadilisha sura ya uso unapofurahi. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole, miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Hapohapo, chuma kilichomo katika eneo hilo huongezeka, na namna kinavyofungwa ndani ya seli hubadilika. Watafiti walipolinganisha picha za ultrasaundi na bongo za watu waliofariki, walikuta penye mwangwi mkali pana chuma kingi zaidi. Ndiyo maana kitu kilicho cheusi kwa macho kinatoka cheupe kwa mwangwi.

Nikiwaeleza watu habari hii ya chuma, wengi hurudi nyumbani wakaacha mchicha, maini na vidonge vya kuongeza damu. Tafadhali msimfanyie mama hivyo. Chuma cha kwenye doa lile hakikutoka kwenye sahani yake, na kumnyima chakula kutamletea upungufu wa damu, ambao nao huleta uchovu na kizunguzungu.

Tukifika kwenye swali lako la jibu la mwisho, hapo inabidi niwe mkweli kwako. Kati ya wagonjwa kumi wa Parkinson, takriban tisa wana alama hiyo. Inavutia sana ukiishia hapo. Lakini kati ya watu wazima kumi wasio na ugonjwa wowote, takriban mmoja naye anayo. Fikiria basi la kwenda Tanga lenye abiria thelathini watu wazima: watatu hivi wana doa lile kichwani, na wengi wao watazeeka na kufariki bila kuugua Parkinson. Na mgonjwa mmoja katika kumi ana Parkinson kamili, huku ubongo wake kwenye ultrasaundi ukionekana hauna kitu. Alama hiyo ni kama kovu: inasema kuna jambo kuhusu mahali hapo, haisemi nani anaumwa leo. Pia haikui ugonjwa unapoendelea, na haipungui mgonjwa akitumia dawa vizuri. Kwa hiyo mtu asije akawaambia mrudie kila mwaka kuangalia maendeleo. Maendeleo ya mama mtayaona kwenye vifungo vya gauni.

Kuna tatizo jingine ambalo watu wa mashine hawalitangazi. Lile dirisha la mfupa si la kila mtu. Kadiri umri unavyosonga, hasa kwa wanawake, mfupa wa hapo huzidi kuwa mnene au hubadilika, na wimbi halipiti. Kwenye tafiti za Ulaya, mtu mmoja hivi katika kumi, na pengine zaidi, hukosa picha ya kutosha. Mama ana miaka 63 na ni mwanamke. Inawezekana kabisa akasafiri, akalala mezani, akapakwa jeli, mpimaji akahangaika nusu saa, na jibu likawa "dirisha halionyeshi". Nakwambia mapema, msije mkauza ng'ombe wa pili kwa karatasi ya namna hiyo.

Kwa nini basi bado nakiheshimu kipimo hiki? Kwa sababu kuna njia panda ambapo hutusaidia kweli. Ya kwanza ni mtetemeko peke yake. Kuna ugonjwa mwingine wa kutetemeka, wa kawaida sana, ambao mara nyingi hurithiwa: mikono yote miwili hutikisika mtu akishika kikombe au akiandika, na hutulia akiilaza mapajani. Huo si Parkinson, ingawa wengi hupewa jina hilo. Kwa wagonjwa hao doa kwa kawaida halipo. Ya pili ni ndugu wa Parkinson, magonjwa adimu yanayoanza kwa kufanana nayo lakini hukimbia haraka na hayasikii dawa vizuri. Katika baadhi yake, *substantia nigra* haing'ai, bali kinachong'aa ni kiini kingine kilicho ndani zaidi ya ubongo, na katika aina mojawapo ile nafasi ya maji iliyo katikati ya ubongo hupanuka. Hapa ultrasaundi ina faida hata juu ya kile kipimo cha nyuklia cha dopamini kinachotumika Ulaya na Marekani, ambacho huonyesha kwamba dopamini imepungua lakini hakiwezi kutenganisha Parkinson na ndugu zake hao. Na kwa kijana mwenye mikono inayotetemeka au shingo inayojipinda, kiini hicho cha ndani kikiwa na mwangwi mkali hutukumbusha ugonjwa wa Wilson, ambapo shaba hujilimbikiza mwilini. Huo unatibika, na kuukosa ni msiba.

Njia panda ya tatu ndiyo iliyonifanya nisimame kwenye barua yako. Ni dawa.

Sinarizini ni dawa nzuri ya kizunguzungu kwa muda mfupi. Inauzwa kila duka la dawa, na mtu akiona imemsaidia huendelea kuinunua. Lakini ikikaa mwilini miezi na miaka, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa, na wanawake ndio huathirika zaidi, huziba vipokezi vya dopamini ubongoni. Dopamini ipo, lakini inagonga mlango uliofungwa. Mgonjwa anaanza kuwa mzito, uso unapoa, hatua zinafupika, mkono unatetemeka. Ukimtazama kwa macho, ni Parkinson mtupu. Hufanya hivyo pia metoklopramidi ya kichefuchefu ikitumika muda mrefu, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili kama haloperido na klopromazini. Nimewahi kumpokea bibi aliyeletwa kwa kushikiliwa mikono na wajukuu wawili, kwenye mfuko wake wa rambo mkiwa na pakiti nne tupu za dawa ya kizunguzungu. Hatukufanya zaidi ya kumwachisha dawa hiyo na kumsubiri. Mwezi wa tano tangu aiache, alikuja amebeba mfuko wake mwenyewe.

Sisemi mama yako ni hivyo. Dawa kwa kawaida huathiri pande zote mbili kwa pamoja, ingawa si lazima, na mama alianza mkono mmoja, tena ukiwa umetulia. Kuanza upande mmoja na kutetemeka wakati wa mapumziko ni tabia ya Parkinson yenyewe. Yapo mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea. Huenda dawa peke yake ndiyo mkosaji, na ikiachwa hali itarudi ndani ya wiki au miezi, wakati mwingine nusu mwaka au hata zaidi. Au Parkinson ilikuwa imeanza kimyakimya, dawa ikaifunua mapema. Hapo ndipo ultrasaundi inaweza kusema kitu chenye maana: kwa mtu aliyeathiriwa na dawa tu, doa mara nyingi halipo, likiwepo, tunashuku kulikuwa na ugonjwa chini yake, na tunamfuatilia kwa karibu hata akipata nafuu.

Na ile MRI? Haikudanganya, na ng'ombe hakupotea bure. MRI ya kawaida haioni Parkinson ya mwanzo. Kazi yake ni kuondoa mengine: kiharusi kidogo, uvimbe, maji kujaa kichwani, damu iliyovuja taratibu baada ya kuanguka. "Haina tatizo" maana yake hayo hayakuonekana. Hiyo ni habari njema, ila aliyewapa karatasi alipaswa kuwaeleza hivyo ana kwa ana. Itunzeni pamoja na picha zake. Msikubali kuirudia bila sababu mpya.

Sasa nikueleze Parkinson hujulikanaje, maana hapa ndipo watu wengi huzungushwa. Haijulikani kwa damu, wala kwa picha. Hujulikana kwa daktari anayejua anachokitafuta, akiwa na mikono yake na nusu saa. Vigezo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2015 vinaanza na uzito wa mwendo: lazima uwepo, ukiambatana na mtetemeko wa mapumziko au ukakamavu wa viungo. Daktari atamwambia mama agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka, mara nyingi mfululizo, na atatazama kama mapigo yanazidi kuwa madogo na kukwama. Ataushika mkono wake na kuukunja taratibu, akisikiliza kama unakwenda kwa kukwamakwama kama gurudumu lenye meno. Atamtembeza ukumbini aone mkono upi haupungi. Atampa kalamu aandike sentensi moja mara kadhaa, aone kama herufi zinanywea kuelekea mwisho wa mstari. Kisha atauliza mambo ambayo hamkutegemea: anasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa? Choo kimekuwa kigumu tangu lini? Usingizini anapiga kelele au kurusha ngumi kana kwamba anaota anapigana? Hayo hutangulia mtetemeko kwa miaka kwa wagonjwa wengi.

Yote hayo hayahitaji umeme. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, na wengi wa waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Walikuwa wameambiwa kama mlivyoambiwa nyinyi: uzee, presha, na wengine mkono wa mtu. Hakuna kati yao aliyekosa mashine kwanza. Walikosa mtu wa kuwatazama wakitembea.

Kwa hiyo ukiniuliza pesa iliyobaki iende wapi, mimi ningeiweka kwenye nauli ya kumpeleka kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa mlipo nyinyi, KCMC Moshi au Muhimbili ndizo hospitali za kufikiria, kwa rufaa ya hospitali yenu ya wilaya. Akishamwona, huenda akataka kupima tezi ya shingo kwa damu, maana ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta mtetemeko. Ataamua kuhusu sinarizini na atachunguza kizunguzungu chenyewe kinatoka wapi, jambo ambalo kwa miaka miwili halikufanyika. Pengine ni dawa ya presha inamshusha kupita kiasi akisimama.

Ikiwa baada ya dawa kuondoka mwilini bado mama ni mzito, kuna jaribio jingine lenye uzito kuliko ultrasaundi: levodopa, dawa kuu ya Parkinson, kwa dozi inayopandishwa taratibu chini ya daktari. Ubongo huigeuza kuwa dopamini. Mwenye Parkinson halisi kwa kawaida huitikia waziwazi, na kuitikia huko ni ushahidi. Imefika hospitali zetu nyingi za rufaa, ingawa upatikanaji wake hupanda na kushuka. Utasikia pia habari za upupu. Ni kweli kwamba mbegu za upupu zina levodopa ya asili, lakini hakuna anayejua kijiko kimoja cha unga wake kina kiasi gani. Wapo wanaotapika, wanaoshuka presha na kuanguka, na wanaoanza kuona watu wasiokuwepo. Usimpe mama.

Kuhusu wewe mwenyewe. Parkinson kwa sehemu kubwa si ugonjwa wa kurithi wa moja kwa moja. Mwenye mzazi mgonjwa ana hatari iliyozidi kidogo ya mwingine, basi; na mama mwenyewe bado hatujui kama anao. Uko uchunguzi mkubwa uliofanywa Ujerumani na Austria kwa watu zaidi ya 1,800 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, ambao hawakuwa na Parkinson. Waliokuwa na doa kubwa walikuwa na hatari ya kuugua iliyozidi mara 17 ndani ya miaka mitatu hivi. Namba hiyo hutisha ukiisoma peke yake. Lakini waliougua kwa jumla walikuwa wachache sana, na wengi mno wenye doa waliendelea na maisha yao. Wewe una miaka 38, huna dalili, na hatuna bado dawa ya kuzuia ugonjwa huu usianze. Kipimo hicho kingekupa hofu ya kubeba kwa miaka mingi bila kitu cha kufanya nayo. Usipime.

Jambo moja la kuweka sawa, kwa sababu kaka yako huenda akakutumia video yake: kuna ultrasaundi nyingine kabisa, ya nguvu kubwa, ambayo hukusanya mawimbi mahali pamoja ndani ya ubongo na kuunguza kiini kidogo ili mtetemeko ukome. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa ule mtetemeko wa kurithi mwaka 2016. Hiyo ni tiba, hufanyika ndani ya mashine ya MRI, na haihusiani na kipimo tunachokizungumzia. Ile ya kupima haitibu kitu, na mtu akiwauzia kwa ahadi ya tiba, ondokeni.

Yapo mambo ambayo yakitokea msingoje kliniki. Mama akipooza ghafla au mdomo ukipinda, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Aliwahi kuanguka na kugonga kichwa, hata wiki kadhaa nyuma, na sasa anasinzia au kichwa kinamuuma? Mpelekeni. Akianza kuanguka mara kwa mara, kuona kitu kimoja viwili, kuzimia akisimama, kukabwa na chakula au kuchanganyikiwa, mwambieni daktari mapema, maana dalili hizo zikija mwanzoni hutuelekeza kwenye wale ndugu wabaya wa Parkinson. Na mtazame pia moyo wake. Huzuni nzito huja pamoja na ugonjwa huu, wakati mwingine kabla yake, na mama wa miaka 63 hawezi kuitaja mwenyewe mbele ya wanawe.

Wiki hii fanya haya. Nenda naye hospitali ya wilaya ukiwa na pakiti za dawa zote, hata za dukani na za kienyeji, ukaombe sinarizini iangaliwe upya na upewe barua ya rufaa. Dawa ya presha aendelee nayo, asiiache wala kuibadilisha bila kuambiwa. Mrekodi kwa simu video ya dakika moja: amekaa, mikono mapajani, ukimwomba ahesabu kurudi nyuma kutoka mia moja, kwani akili ikishughulika mtetemeko hujitokeza, kisha akinyoosha mikono mbele, kisha akitembea hadi mlangoni, akageuka na kurudi. Rekodi nyingine kama hiyo kila mwezi, mahali palepale, uandike tarehe aliyoacha dawa. Ikifika miezi sita mkono bado unatetemeka, na daktari wenu yuko karibu na mtu aliyefundishwa ultrasaundi ya ubongo, aandike kwenye fomu: "Mtetemeko wa mapumziko, mkono wa kulia, alitumia sinarizini miaka miwili, ameacha miezi sita, tunaomba eneo la *substantia nigra* pande zote mbili, na useme kama dirisha linafaa." Mpimaji akipata swali la namna hiyo, atajua anachokitafuta ndani ya yule kipepeo.